Dakika Tisini na Nne

Daktari aliniuliza
asubuhi vidole hukaza kwa muda gani.
Wengine, alisema, humjibu "kitambo",
au "mpaka chai ipoe".
Mimi ni fundi wa saa. Nikamwambia:
Jumatatu, dakika tisini na nne;
Jumanne, mia moja na mbili.

Akanitazama juu ya miwani.
Akaandika.

Kibanda changu kiko nyuma ya stendi, Nakuru,
meza yake haizidi sinia.
Miaka thelathini na mmoja nimeshika skrubu
ndogo kuliko punje ya wimbi,
na sasa kibano chaniponyoka kama kimepakwa mafuta.
Kidole cha shahada kimeota fundo,
fundo la muwa,
ila huu muwa hauna utamu.

Vidonge nilipewa, na bado navimeza.
Sisemi uongo: ndivyo vilivyozima moto mkubwa.
Makaa yalibaki,
na makaa hayo, alisema mke wangu Jemeli,
nayapuliza mwenyewe kwa mdomo wangu:
soda mbili kila adhuhuri,
mkate mweupe usioshibisha hata panya,
chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko.

"Saa ikichelewa," akauliza,
"wewe huanza na mishale?"

Nikanyamaza. Mishale haina kosa.
Kosa huwa ndani, penye springi,
penye vumbi lisiloonekana bila lenzi.

"Basi hivyo vidole ni mishale," akasema.
"Nenda ndani."

Kikatoka darini kibuyu cha mama yake,
kikasuguliwa kwa mkaa wa senetwet,
maziwa yakalala humo siku nne
yakaamka machachu, yana rangi ya moshi.
Uji wa wimbi ukachachukia kwenye ndoo kando ya mlango,
ukipasua mapovu usiku kucha, tik, kimya, tik tik,
nami kitandani nikiusikiliza
kama saa iliyokosa adabu.
Mrenda ukarudi, na mnavu,
na saga chungu ile ile
aliyotufinyia masikio mama kule Kimilili
ili tuimeze.

Mwezi wa kwanza tumbo liliunguruma kama trekta,
wateja wakageuka kutazama barabarani.
Dakika tisini na sita.
Mboga zako, nikamwambia Jemeli, zimeniongezea mbili.
Hakujibu. Akapakua.

Nyuma ya daftari la wateja nikaanza kuandika.
Tarehe tatu: maharagwe, mrenda. Themanini na moja.
Tarehe tisa: harusi ya binti wa Khaoya.
Pilau, keki, soda tatu. Mia moja na kumi.
Keki siijutii.
Tarehe ishirini: baridi ya Julai yashuka kutoka Menengai,
chakula kile kile, usingizi ule ule. Tisini.
Hapo niliandika: sijui.

Maana mwili si saa, nimekubali.
Saa ukiifungua hukuonyesha jino lililovunjika.
Mwili hukuonyesha asubuhi tu,
na asubuhi haina risiti.

Fundi mwenzangu Mbugua aliniuliza dawa ni ipi,
anunue chupa moja.
Nikamwambia haiuzwi kwa chupa,
ni ndoo, na subira, na mke asiyejibu.
Akacheka. Akafungua soda yake.
Ile sauti ya kizibo, jamani,
bado yanitekenya koo.

Leo ni Desemba. Arobaini na tatu.
Hazijaisha, na daktari hajaniahidi kwamba zitaisha.
Lakini hamsini na moja nimerudishiwa,
na mtu wa kazi yangu hapokei chenji
bila kuihesabu.

Jana nilizitumia hivi:
nilisimama gizani, nikafunga vifungo vya shati,
kimoja, kingine, kile kigumu cha kola,
mwenyewe.
Jemeli alikuwa bado amelala.
Sikumwamsha.
Kando ya mlango ndoo ikasema tik.